Baiskeli nane kwenda Mombo: kisa cha reli iliyofufuliwa

Kisa chenyewe ni kidogo. Watu wanane wa Dar es Salaam, wengi wao wakazi wa Kimara na Mbezi, wana baiskeli zao na wanataka kupanda Lushoto kwa pedeli. Hawataki kuanzia Dar. Hiyo ni safari ya siku kadhaa, na barabara ya Chalinze si mahali pa kushindana na malori. Wanataka kuanzia Mombo, pale barabara inapoacha tambarare na kuanza kujikunja kuelekea Usambara. Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unapanda karibu mita elfu moja. Kwa mtu mwenye mapafu na gia zinazofanya kazi, hiyo ni asubuhi moja. Shida ni kuifikisha baiskeli Mombo ikiwa nzima.

Kiongozi wao alinitafuta kwa sababu kazi yangu ni kupanga safari za watu na mizigo yao. Swali lake lilikuwa fupi: “Kaka, treni ya Arusha inabeba baiskeli?” Nikamjibu kwamba behewa la mizigo la treni ya abiria limebeba baiskeli tangu enzi za babu zetu, pamoja na magodoro, matenga ya kuku na vitanda vya chuma. Akafurahi, akadhani tumemaliza. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu treni kubeba baiskeli ni jambo moja, na wewe kushuka na baiskeli yako kwenye stesheni ya njiani usiku ni jambo jingine kabisa.

Nimekiandika kisa hiki kirefu kuliko kinavyostahili safari ya wikiendi, kwa sababu majibu tuliyopata hayawahusu wao tu.

Njia iliyolala, ikaamka

Kabla ya mwisho wa 2019 swali la kiongozi lisingeulizwa kabisa. Hapakuwa na treni ya abiria ya kuulizia.

Reli ya Tanga ndiyo kongwe kuliko zote Tanzania bara. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Arusha ilisubiri hadi 1929, Waingereza wakiwa ndio watawala. Mombo haikuwa kituo cha kupita tu siku hizo: ndiyo ilikuwa mlango wa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na mizigo ya walowezi iliteremshwa pale kabla ya kupandishwa mlimani. Kwa hiyo hawa wanane wanataka kufanya kitu ambacho stesheni ile ilijengewa, ila wao wenyewe ndio wapagazi.

Reli ya Kati nayo ilianza Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Njia hizi mbili zilikaa miongo mingi bila kuunganishwa ndani ya nchi. Kilichoziunganisha ni kipande cha Ruvu hadi Mruazi, kilomita 188, kilichofunguliwa mwaka 1963. Watu husema “reli ya Arusha” na kukisahau kipande hiki, ilhali ndicho ninachokiona cha thamani zaidi katika kisa hiki. Barabara kuu ya kwenda Moshi inapitia Chalinze na Segera. Reli inapita mashariki yake, inavuka Mto Wami, inapita Mkalamo, inakatiza mapori na vijiji ambavyo basi la mkoa haliwezi kuviona hata kwa mbali. Nitarudi Mkalamo baadaye.

Treni ya abiria kwenda kaskazini ilikoma miaka ya 1990. Sababu zake hazina siri: lami ilikuwa imefika, mabasi ya watu binafsi yalikuwa yamezagaa, na vichwa vya treni vilivyobaki vilikuwa vichache mno kugawana kati ya njia zote. Mizigo nayo ikafifia miaka iliyofuata. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia ambao haukudumu. Ulivunjwa baada ya miaka michache. Muda wote huo njia ya kaskazini ilikuwa imelala, vichaka vikiota katikati ya mataruma. Ndipo mwaka 2019 Shirika la Reli Tanzania likarudisha kwanza treni za mizigo upande wa kaskazini, kisha Desemba mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Dar hadi Moshi. Arusha ikafuata mwaka 2020.

Kufufua njia ya aina hii kwa macho ya mhandisi ni kufyeka, kubadili mataruma yaliyooza, kumwaga kokoto, kuzibua makalavati na kupitisha kiberenge huku ukisikiliza reli inasemaje. Hilo linafanyika, na lilifanyika. Kisichoamka kwa kokoto ni mazoea. Kizazi kizima cha watu wa Korogwe na Mombo kimekua kikijua kwamba ukitaka kwenda Dar unasimama barabarani. Mzee wa miaka sitini anakumbuka mzigo wake ulivyopimwa stesheni. Kijana wa miaka ishirini na tano hana wa kumwiga. Kwa hiyo njia ikirudi, inarudi na treni, lakini yale mambo madogo yaliyoizunguka, nani anasimama wapi, mkokoteni uko wapi, nani anajua behewa la mizigo litasimama upande gani, hayo lazima yajengwe upya mkono kwa mkono.

Baiskeli ni kipimo kizuri cha mambo hayo madogo. Ni kubwa mno kuwa begi, ni ndogo mno kuwa mzigo wa kibiashara, na mwenyewe yuko ndani ya treni ileile anaisubiri.

Dakika, wala si nafasi

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifikiria ni nafasi. Baiskeli nane zitaingia? Nililimaliza hilo haraka. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu usiofika mita mbili, na ukigeuza usukani ukalala sambamba na fremu, unaweza kuzipanga nne zikiegemeana ndani ya upana ambao watu huutumia kuweka magunia mawili matatu. Nane hazijazi hata kona ya behewa la mizigo. Uzito nao si kitu: hizi za michezo zina kilo kumi na kitu, na hata zile za chuma za kazi, zenye keria nzito na stendi ya miguu miwili, ni kilo ishirini na ushee.

Mmoja wao alikuwa ameshaanza kuuliza kama watoe upepo kwenye matairi. Hiyo ni hofu ya ndege, na hata huko mara nyingi haina msingi. Kwenye reli acha upepo wako.

Bei nayo tuliiweka pembeni mapema. Ingekuwa maradufu ya walivyotarajia, uamuzi usingebadilika.

Kinachobadilisha uamuzi ni dakika. Fuata mzigo wako kwa akili kutoka mwanzo hadi mwisho. Dar ndiko treni inakoanzia, muda uko tele: unafika mapema, unapima, unapewa stakabadhi, baiskeli inapandishwa mchana kweupe. Moshi au Arusha ndiko inakoishia, na hapo pia muda uko tele, maana treni haina pa kukimbilia. Stesheni za njiani ndizo zenye mtihani. Treni inasimama, watu wanashuka, wengine wanapanda, filimbi inalia. Kwa ratiba ya kuondoka Dar alasiri na kuingia Moshi asubuhi, stesheni za Korogwe na Mombo zinaangukia usiku mkubwa. Sasa weka baiskeli nane ndani ya picha hiyo.

Behewa la mizigo linaweza kuwa mbele kabisa, nyuma ya kichwa, au mwisho kabisa wa treni, na likienda liko mbele si ajabu likirudi likawa nyuma, kwa sababu kichwa hubadilishwa upande. Abiria wako katikati. Treni yenye mabehewa kumi ina urefu unaokaribia mita mia mbili, kwa hiyo mwenye baiskeli anaweza kujikuta anatembea mita mia moja na zaidi juu ya kokoto, gizani, begi mgongoni, wakati saa inahesabu. Sakafu ya behewa iko zaidi ya mita moja juu ya reli, na stesheni nyingi ndogo jukwaa lake ni la chini au halifiki lilipo behewa la mwisho. Maana yake baiskeli haisukumwi nje, inateremshwa mikononi. Mtu mmoja juu, wawili chini. Mkiwa mmezoeana, baiskeli moja ni nusu dakika. Nane ni dakika nne, kama hakuna kilichonasa pedeli kwenye spoki za mwenzake. Na kitu hunasa.

Halafu lipo hili ambalo hata wasafiri wazoefu hulisahau: mpangilio ndani ya behewa. Kinachoingia kwanza Dar kinasukumwa ndani kabisa, na juu yake yanakaa magunia na maboksi ya watu wa Moshi na Arusha. Ukijivunia kuwahi stesheni na kupakia wa kwanza, umejizika mwenyewe. Usiku wa manane, Mombo, mtu wa behewa atatakiwa kuhamisha mzigo wa watu thelathini ili afikie baiskeli yako. Hatafanya hivyo ndani ya muda uliopo, na kwa haki hapaswi; treni nzima haiwezi kusubiri kikundi cha mazoezi. Utaikuta Moshi.

Ndiyo maana nilimwambia kiongozi aache kuuliza kama treni inabeba baiskeli. Aulize: inasimama wapi kwa muda mrefu, mlango wa behewa uko upande gani, na nani anapakia mwisho.

Njia ya kaskazini ni reli moja. Treni mbili zikikutana, moja inaingia njia ya pembeni ya stesheni na kusubiri mwenzake apite. Kwa abiria aliyechoka huo ni uchelewaji. Kwa mwenye baiskeli ni neema: pale ambapo treni ina sababu yake yenyewe ya kusimama, dakika zako hazimgharimu mtu. Stesheni kubwa zenye mizigo mingi, kama Korogwe, zina uwezekano mkubwa zaidi wa kukupa muda huo kuliko ndogo. Hili peke yake lilitosha kuhamisha mpango mzima kutoka Mombo kwenda Korogwe. Kiongozi hakulipenda.

“Lakini Korogwe hadi Mombo ni kilomita arobaini na kitu, kaka. Barabara kuu.”

Ni kweli, na hilo si la kupuuza. Barabara ile ina mabasi ya alfajiri yanayokwenda kwa mwendo wa hasira, na bega lake halitoshi kila mahali. Kwa hiyo tulikuwa tunabadilisha hatari ya aina moja kwa nyingine: hatari ya baiskeli kupitiliza hadi Moshi kwa hatari ya mtu kugongwa kabla ya jua. Nilipima nikaona ya kwanza inaudhi na ya pili inaua, kwa hiyo Korogwe ilikubalika kwa sharti moja. Hakuna anayeingia barabarani kabla mwanga haujafunguka sawasawa. Walale gesti karibu na stesheni, wanywe chai, ndipo waondoke.

Basi ndilo lilikuwa mshindani wa kweli. Kutoka stendi ya Mbezi Luis unapanda basi la Lushoto, linakufikisha mlimani kabisa siku hiyohiyo, na buti inameza baiskeli ukitoa magurudumu. Kwa baiskeli mbili ningesema basi, bila kusita. Kwa nane, buti haitoshi. Utagawa kikundi kwenye mabasi matatu, na baiskeli zitalala bapa chini ya mabegi ya watu, na gia ya nyuma ndiyo inayobeba uzito wote. Fundi yeyote wa Kariakoo atakuambia gia zilizopinda huletwa na nani.

Wenzetu walivyolipata jibu

Suala hili si la Korogwe peke yake. Uskoti ilikuwa na njia ya kusini mwa Edinburgh iliyofungwa mwaka 1969. Ikafufuliwa Septemba 2015 hadi Tweedbank, kilomita 48 hivi, na watu wakaijaza. Lakini treni zilizopelekwa zilikuwa za kawaida zenye nafasi chache tu za baiskeli, katika eneo ambalo vilima vyake vinaitwa kwa jina na waendesha baiskeli. Miaka sita baadaye, Julai 2021, kwenye njia nyingine ya hukohuko, ya Glasgow kwenda Oban, wakafanya kinyume: wakachukua behewa la zamani, wakalitengeneza upya, wakalifanya la baiskeli hadi ishirini na mizigo ya michezo. Hawakununua treni mpya. Walibandika behewa moja la ziada.

Copenhagen walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 treni za mjini ziliacha kutoza baiskeli, na ndani ya miaka michache zilizokuwa zikisafirishwa ziliongezeka kutoka kama milioni 2 kwa mwaka hadi karibu milioni 9. Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa kufuta nauli. Mimi naitazama stesheni yao ya Nørreport, ambayo ndiyo yenye msongamano, na kuona kwamba hata huko baiskeli ziliwekewa masharti saa za kwenda na kutoka kazini. Nauli ilikuwa imefutwa, nafasi ilikuwepo, kilichokosekana ni sekunde za mlango. Treni za Pugu na zile zilizoanza Oktoba 2012 ambazo mji mzima uliziita za Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zingekutana na ukuta uleule: saa kumi na mbili asubuhi behewa limejaa hadi mlangoni, huwezi kumwambia mtu asogee apishe usukani. Kwa treni ya mjini baiskeli ni ya mchana, si ya asubuhi. Sioni aibu kusema hivyo ingawa napenda baiskeli.

Umoja wa Ulaya umeliweka kwenye sheria: kuanzia Juni 2025, treni mpya au zinazofanyiwa ukarabati mkubwa zinatakiwa ziwe na nafasi zisizopungua nne za baiskeli. Nne. Kikundi changu cha wanane kingegawanywa hata huko.

Ila mfano unaotufaa zaidi ni India, kwa sababu mabehewa yao na mazoea yao yanafanana na yetu. Wao wanatenganisha mzigo unaosafiri na mwenyewe kwenye treni ileile na kifurushi kinachoweza kupanda treni yoyote. Ukiandikisha baiskeli kwa njia ya pili, inaweza kutangulia au kufuata. Kwa mtu anayehama mji hilo halina neno. Kwa mtu anayetaka kupanda mlima asubuhi ni janga. Dirishani pale Dar, neno la kwanza la kikundi lilitakiwa liwe hili: tunasafiri nayo, treni hii hii, tunashuka Korogwe.

Baiskeli ya Mkalamo

Sasa nirudi kwenye kile kipande cha kilomita 188, maana wanane wangu, kwa heshima zote, si wateja ambao reli hii ilifufuliwa kwa ajili yao. Wao wakikosa treni wana basi. Wakikosa basi wana wikiendi nyingine.

Mfikirie mtu anayeishi kilomita nane au kumi kutoka stesheni ndogo ya kipande kile. Barabara yake ni ya vumbi, na masika ni ya tope. Bodaboda ikipatikana inamla faida yote. Chombo alichonacho ni baiskeli ya chuma, ile ya fremu yenye mabomba mawili, keria yake imeongezwa vyuma na fundi wa kijijini na mzigo umefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwa mtu huyo, reli bila baiskeli ni stesheni iliyo mbali. Pamoja na baiskeli, mduara wa watu wanaoweza kuifikia stesheni unapanuka. Mtu anayetembea kwa mguu na mzigo kichwani atakubali kilomita tatu, nne. Mwenye baiskeli atakubali kumi bila kulalamika. Umbali ukizidi mara mbili na nusu, eneo linalohudumiwa linazidi mara sita, maana ni mduara. Hakuna taruma jipya lililowekwa.

Lakini huyu naye ana uchaguzi. Aiache baiskeli stesheni, au aende nayo Dar? Akienda nayo anaweza kuzungusha mzigo wake mwenyewe hadi sokoni, halafu akarudi nayo. Akiiacha anahitaji mahali pa kuiacha, na hapa ndipo ninapodhani tunakosea tukizungumzia baiskeli na treni. Tunawaza ndani ya behewa. Kwa mtu wa Mkalamo, kibanda chenye paa, nguzo za kufungia minyororo na mtu mmoja anayelipwa kidogo kwa kila baiskeli, kama wale wa kulinda baiskeli siku ya gulio, kingemfaa kuliko behewa la Uskoti. Baiskeli inayobaki stesheni haichukui dakika hata moja ya treni. Na kwa njia ya reli moja, yenye treni chache kwa wiki, dakika ndiyo mali adimu kuliko zote.

Kwa hiyo kuna baiskeli za aina mbili na dawa zake mbili. Ya kazi, ambayo mara nyingi inatakiwa ilale stesheni salama. Na ya safari, ambayo haina budi kupanda, lakini inaweza kukubali masharti: stesheni kubwa tu, taarifa mapema, idadi ndogo. Ukizichanganya kwenye kanuni moja utamkera mmoja au utamsahau mwingine, na historia inaonyesha anayesahauliwa ni wa keria ya chuma.

Walivyokwenda

Mpango wa mwisho ulikuwa hivi. Kabla ya yote, wahakikishe treni inakwenda wiki hiyo, kwa sababu mvua za masika zina tabia ya kutibua ratiba ya njia zenye makalavati mengi. Wafike stesheni mapema kwa ajili ya karatasi, lakini waombe baiskeli zipakiwe mwisho, karibu na mlango, upande utakaotazama jukwaa la Korogwe. Usukani ugeuzwe, pedeli zikunjwe au zitolewe, upande wa cheni uegemee ukuta. Kila moja iwe na kipande cha boksi chenye neno KOROGWE kwa maandishi ya kusomeka kwa tochi. Wawili kati yao wakate nafasi kwenye behewa lililo karibu kabisa na la mizigo, wasilale, na treni ikianza kupunguza mwendo wawe wamesimama mlangoni. Wengine sita wasikimbilie behewa; washuke, wakae pamoja, wapokee.

Kiongozi alipiga simu asubuhi wakiwa wanakunywa chai. Baiskeli zote zilikuwa zimeshuka. “Zenyewe hazikutuchelewesha hata kidogo, kaka. Ni karatasi.” Walikuwa wameomba stakabadhi nane, kila mtu na yake, kwa sababu hawakuaminiana kwenye gharama. Kwa hiyo kilichofanyika usiku ule chini ya tochi za simu ni kulinganisha majina manane na vipande vinane vya boksi, huku baiskeli zenyewe zikiwa tayari chini zimesimama. Hilo halikuwa kwenye hesabu zangu za nusu dakika, na sasa limeingia: kikundi kimoja, stakabadhi moja, jina la mtu mmoja.

Sita walipanda baiskeli hadi Mombo mwanga ulipofunguka. Wawili walikodi kirikuu pale Korogwe wakapakia zao nyuma, na sijasikia wakijutia.

Kurudi kulikuwa rahisi kuliko kwenda, kama nilivyotarajia, ingawa treni ya kwenda Dar nayo hupita Korogwe usiku. Tofauti ni kwamba kupakia kuko mikononi mwako: unamwona stesheni masta jioni, unamwambia mko wanane, anakuonyesha behewa la mizigo husimama usawa wa mti upi, mnapanga baiskeli hapo na kusubiri. Na mwisho wa safari ni Dar, ambako hakuna filimbi ya kukukimbiza. Ningeshauri kikundi kitakachokuwa na nafasi ya kutumia treni upande mmoja tu kiitumie kurudi, na kwenda kiende kwa mabasi hata kama ni matatu.

Wawili wa kirikuu sasa wanataka kujaribu Mombo yenyewe, bila Korogwe. Nimewapa masharti: wasizidi watatu, wasafiri mwezi usio wa mvua, baiskeli zipakiwe mwisho bila mjadala, na mmoja wao akae macho kuanzia Korogwe. Wakishindwa lolote kati ya hayo washukie Korogwe kama wenzao. Wamesema watanijibu wakishampata wa tatu.